Barua ya wazi: lipeni shimo kabla ya mche

Kwenu mnaosimamia barabara, misitu na mazingira katika miji ya Kanda ya Kati ya Tanzania,

YAH: MICHE MNAYONUNUA KWANGU KILA MWAKA

Salaam, na poleni na majukumu.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu, maana kwa mara ya kwanza naandika barua ambayo ikifuatwa itanipunguzia kipato.

Nina kitalu cha miche kando ya barabara kuu. Nimekaa hapo miaka 14, chini ya mwarobaini nilioupanda kwa mkono wangu. Kila mwaka mvua zikikaribia kwisha huja gari, hushuka watu wenye karatasi, naandikiwa oda: miarobaini kadhaa, mijohoro kadhaa, miashoki ya kupendezesha mlango wa mji. Siku ya shughuli inapandwa kwa ngoma na picha. Mwaka unaofuata gari linarudi kununua mingine ya kuziba mapengo. Kuna shimo moja, hatua 40 kutoka kwenye benchi langu, ambalo nimeliuzia mche mara nne. Shimo lile lile. Kibao chenye jina la mgeni rasmi bado kizima, kimepakwa rangi upya mwaka jana. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema, mteja asiyechoka. Lakini umri umenifikisha mahali pa kuona aibu, na mwaka huu nimeamua kusema kilichomo ndani ya shimo hilo.

Mche wa nne ulipokauka niliung'oa mwenyewe, mwezi wa tisa. Sikutumia nguvu, vidole viwili vilitosha. Mizizi ilikuwa bado na umbo la kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche, duara kamili, kana kwamba haijawahi kuondoka kitaluni. Miezi mitano ardhini na haikuthubutu kutoka hata urefu wa kidole. Nikachukua mtalimbo nikagonga ukuta wa shimo. Ulilia kama sakafu ya zege.

Mnajua kuliko mimi jinsi barabara inavyojengwa, ila mniwie radhi niieleze kwa macho ya mtu wa miche. Greda likipita mara ya kwanza hukwangua udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji na vijidudu, kwa sababu mhandisi hautaki: ni laini, utatitia. Unasukumwa pembeni au unabebwa kwenda kusikojulikana. Juu ya kilichobaki kinamwagwa kifusi chekundu, kinanyunyiziwa maji ya boza kwa kipimo, kisha rola linapita na kurudi mpaka maabara iseme udongo umeshikana kwa asilimia 90, 95 au zaidi ya kiwango cha juu unachoweza kufikia. Hiyo ni kazi nzuri, hatutaki lori la tani 30 litumbukie. Lakini kushindilia hakuishii kwenye lami. Kunafika mabegani mwa barabara na mara nyingi mpaka kwenye mtaro, na pale ambapo rola halikugusa, malori ya mkandarasi yalipita kutwa kucha kipindi chote cha ujenzi. Mkandarasi akishakabidhi kazi na kuondoka, ndipo miche yangu inapoletwa.

Chukueni ndoo ya lita 20, ijazeni udongo mkavu wa shamba lililolimwa vizuri. Itakuwa na kilo 26 hivi. Bonge la kifusi kilichoshindiliwa lenye ukubwa wa ndoo hiyo hiyo hupita kilo 36. Zile kilo kumi za ziada zimekaa mahali palipokuwa pa hewa na maji. Udongo mzuri karibu nusu yake ni nafasi tupu, matundu madogo ya kushika maji na makubwa ya kupitisha hewa. Mzizi hauna meno. Ncha yake hupenya kwenye nafasi iliyopo, huipanua kidogo, na huku inapumua. Rola likipita, matundu makubwa ndiyo huanza kuziba, kwa hiyo mzizi unakosa njia na pumzi kwa pamoja.

Kama mnadhani natia chumvi, fanyeni jaribio lisilo na gharama. Chimbeni shimo la kawaida kando ya barabara yoyote ya lami, lijazeni maji jioni, rudini asubuhi. Mkikuta maji bado yamesimama, basi hilo ni karai. Mche utakaopandwa humo utazama wakati wa mvua na kukauka kiangazi, vyote katika mwaka mmoja, na kila mtu atasema haukumwagiliwa.

Kuna na njaa. Kifusi chekundu kina chuma kingi, na chuma hukamata fosforasi kama mkopeshaji asiyesamehe. Mboji hakina, kwa hiyo na naitrojeni ni ya kutafuta kwa tochi. Tena barabara nyingi zina tabaka lililochanganywa na saruji au chokaa, na masalia yake yakibaki pembeni huufanya udongo uwe wa magadi. Hapo mtaona majani machanga yanakuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Niliwahi kuletewa tawi la namna hiyo nitafute dawa ya kupuliza. Mche ule ulikuwa na njaa ya chuma, umesimama juu ya lundo la chuma ambalo hauwezi kulinywa.

Sasa shimo lenyewe, maana hapa ndipo fedha yenu inapopotelea. Vijana wanaochimba hulipwa kwa idadi. Katika udongo wa shamba kijana mwenye nguvu hachukui muda; kwenye kifusi, mashimo matatu ya maana yanaweza kumla asubuhi nzima na kumwachia malengelenge. Mnapolipa kwa idadi anachimba ya futi moja, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Shimo la sentimita 30 kila upande lina lita 27 za udongo. La sentimita 60 lina lita 216, mara nane yake. Shambani tofauti hiyo si kubwa sana, kwa sababu mizizi hutoka shimoni mapema ikajitafutia. Kando ya barabara, shimo ndilo shamba lote la mti kwa miaka ya kwanza. Unaishi humo kama kuku ndani ya tenga.

Umbo nalo lina neno. Mtalimbo ukilainisha kuta, hasa udongo ukiwa na unyevu, unatengeneza chungu, na mizizi ikigonga ukuta laini inazunguka badala ya kupenya. Kuta zipasuliwe kwa sululu mpaka ziwe na nyufa, na chini kupigwe mtalimbo nyufa zishuke. Bora zaidi ni kuacha kabisa mashimo ya mojamoja na kuchimba handaki refu, miti minne mitano igawane udongo mmoja. Jaza udongo wa juu uliotolewa mahali pengine, samadi iliyooza ndoo mbili kwa kila mti (mbichi huunguza), na konzi kadhaa za udongo kutoka chini ya mti mzee wa aina ile ile. Hizo konzi wengi wananicheka, wanadhani ni mambo ya waganga. Chini ya mti mzee kuna kuvu wanaoishi na mizizi. Nyuzi zao ni nyembamba kuliko unywele, zinaingia mahali mzizi hauingii, na zinarudi na fosforasi na maji. Kifusi kilichotoka shimo la machimbo, mita kadhaa chini ya ardhi, hakina viumbe hao. Lazima wapelekwe.

Na kiriba kitolewe, jamani. Nimefukua viriba vyangu mwenyewe vikiwa vizima, mche umepandwa nacho ili udongo usimwagike mbele ya wageni. Kichanwe kwa wembe, na mizizi iliyojizungusha chini ikatwe.

Najua kuna atakayesema udongo wa barabarani umeshakufa, haufai. Naomba apande basi aende Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe pale mpaka kukabaki sakafu nyeupe ya jiwe, isiyo na udongo hata wa kujaza kikombe, na maji yaliyokuwa chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti juu ya jiwe lile. Alijaribu aina 26 na nyingi zilikufa. Uliotamba ni mvinje, kwa sababu una bakteria kwenye mizizi wanaouchotea naitrojeni kutoka hewani. Lakini sindano za mvinje zilizodondoka zilikataa kuoza, zikajilundika. Akaleta majongoo. Wale majongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu, ambao watoto wetu huwatoboa kwa vijiti, ndio waliotafuna sindano zile na kuzigeuza mboji. Udongo ukazaliwa juu ya jiwe, miti mingine ikafuata, na leo ni msitu wenye twiga. Msomaji wangu mhandisi, kifusi chako ni shamba la bustani ukikilinganisha na pale. Kilichofanyika Bamburi ni kukubali kwamba wa kwanza kupandwa ni fundi wa kutengeneza udongo, wa kupendeza watakuja baadaye. Sisi tunaanza na mwashoki.

Simchukii mwashoki. Ndio unaoniingizia fedha zaidi kuliko yote. Ila umezoea maji, na kivuli chake hakitoshi hata kuku wawili. Kwa ukame wetu mwarobaini na mjohoro vinavumilia zaidi, mkwaju unakwenda polepole lakini hauondoki, na migunga ndiyo wenyeji wenyewe. Kuna mgunga ule unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi, watu wanapokitafuta kivuli. Mzizi wake hukimbilia chini kabla shina halijaanza kujionyesha. Una miiba, nakubali, na waendesha boda wasingenisamehe ukipandwa ukingoni. Upandwe mbali, huko ndani ya hifadhi ya barabara.

Tena msininunulie miche mirefu. Kila mwaka oda inasema "isipungue mita moja na nusu", ili ionekane kwenye picha. Mche mrefu kwenye kiriba kidogo ni kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba: majani mengi yanayodai maji, mizizi michache ya kuyaleta. Mche wa sentimita 40, wenye shina nene kiasi cha penseli na uliozoeshwa jua, ukipandwa pembeni yake utakuwa umeupita baada ya misimu miwili.

Na maji. Tunalia maji hayapo, huku tunaitazama barabara ikiyamwaga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ya darasa la nne. Nusu ya barabara yenye upana wa mita 7 ni mita 3.5, kwa urefu wa mita 10 ni mita za mraba 35. Mvua moja ya milimita 20, ile ya kawaida ya jioni ya Januari, inateremsha hapo lita 700. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Kila mita 10 za nusu barabara zinapokea zaidi ya lita 19,000, karibu maboza mawili ya lita 10,000, bure, yameletwa mpaka mlangoni. Tunayachukua na kuyapeleka kwenye kalavati, yanachimba korongo kwenye shamba la mtu, kisha mwezi wa nane tunakodi boza.

Makueni, kule Kenya, wamegeuza jambo hili kuwa desturi. Maji ya barabara yanakatwa kwa mitaro midogo na kuelekezwa kwenye makinga maji ya mashamba, kwenye mashimo ya migomba na ya miembe. Hofu ya mhandisi naielewa: maji yakituama karibu na tabaka la barabara, lami inapasuka. Hakuna anayeomba yatuame hapo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imewapa mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa. Pitisheni maji ng'ambo ya mtaro, mahali pa chini kuliko barabara, yaingie kwenye makingo ya nusu mwezi, na kila nusu mwezi upande mti wake. Huko hautaziba macho ya dereva kwenye kona, hautagusa nyaya, na siku barabara ikipanuliwa huenda ukanusurika.

Boza likibidi, litumike kwa akili. Hivi sasa linapita, kijana amekaa juu na mpira, kila mche sekunde tano, majani yanalowa, vumbi linatulia, picha inapendeza. Maji hayo hayafiki hata chini ya kucha, na yanaifundisha mizizi kukaa juu kuyasubiri. Ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, imiminwe taratibu kwenye kisahani cha udongo kinachozunguka shina, chenye matandazo, inamfaa mche kuliko kikombe cha kila siku. Kisahani kipaliliwe, maana magugu hunywa maji kabla ya mti. Matandazo yaongezwe mara kwa mara, kwa sababu mchwa watayala. Wakila nyasi kavu mara nyingi huuacha mche, ila mche uliochoka kwa kiu wataumaliza usiku mmoja. Mbuzi siwasemi. Mbuzi ni suala la miiba na serikali ya mtaa.

Kuhusu tarehe itabidi niwe mkweli, hata kama nitaonekana mjuaji. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1. Kwa Pwani, Tanga au Kilimanjaro ni tarehe njema, masika ndiyo yanashika kasi. Kwetu mvua huanza Desemba, na Aprili zinafunga virago. Mche ukipandwa siku hiyo unapata wiki mbili tatu za unyevu, kisha zaidi ya miezi saba ya jua na upepo. Msherehekee Aprili, sikatai, lakini sherehe iwe ya kuhesabu iliyopandwa wiki za mwanzo za mvua. Mashimo yachimbwe Septemba na Oktoba, yaachwe wazi yapigwe jua, mvua ya kwanza iyajaze.

Tena kabla ya kuchimba shimo lolote, pitieni njia mtazame vilivyomo tayari. Ndani ya hifadhi za barabara zetu kuna visiki vya migunga vinavyochipua kila mwaka na kufyekwa kila mwaka na wasafisha barabara, pamoja na moto wa kuchoma nyasi. Chini yake kuna mizizi mizee, iliyoshuka kabla barabara haijafikiriwa. Wakulima wa Dodoma wanaliita jambo hili kisiki hai: unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unafunga kitambaa cha alama ili mtu asiyafyeke. Kule Kondoa, mifugo ilipoondolewa mwaka 1979, vilima vilivyokuwa vimebaki makorongo matupu vilivaa vichaka vyenyewe, bila mche wa mtu. Kwa hili sitauza chochote. Mpeni kila mfyekaji mafunzo ya nusu siku na jora la kitambaa chekundu.

Ombi langu kubwa, kama mtachukua moja tu, liingie kwenye mkataba wa mkandarasi. Siku greda linakwangua udongo wa juu, urundikwe mahali pake kwa chungu za chini zisizopita mita moja na nusu au mbili, usizikwe wala kuuzwa. Siku za mwisho, kabla mitambo haijapakiwa kuondoka, lipitishwe tindo la kupasulia ardhi nyuma ya mtambo, kina cha nusu mita au zaidi, kwenye mstari wa miti, mbali na tabaka la barabara, udongo ukiwa mkavu upasuke vizuri. Kisha udongo wa juu urudishwe. Kazi ambayo kijana mwenye sululu angeifanya wiki nzima, mtambo uliopo tayari huimaliza kabla ya chai. Akishaondoka mkandarasi, kuurudisha mtambo kwa ajili ya miti hakuna atakayeweka saini.

Na namba mnazoomba zibadilike. Mmewekewa lengo la miti milioni 1.5 kila halmashauri kwa mwaka, kwa hiyo mnanunua kwa wingi na mnaripoti iliyopandwa. Ripotini iliyo hai mwisho wa kiangazi cha pili. Mlipeni mchimbaji nusu akimaliza shimo la sentimita 60, lililopimwa kwa fimbo, na nusu mti ukivuka kiangazi cha pili. Mche nauza shilingi 1,000. Shimo zuri lenye udongo wake litawagharimu mara kadhaa ya hapo, na kitabu cha malipo kitaonekana kibaya mwaka wa kwanza.

Oda ya mwaka huu ninayo mezani, imeandikwa idadi ile ile na urefu ule ule. Nimeikubali nusu. Miche ipo, ya sentimita 40, nimeanza kuipunguzia kivuli na maji ili ikomae. Shimo la hatua 40 nimelichimba upya mwenyewe wiki iliyopita, na mjukuu wangu na sululu ya jirani, siku mbili. Sijapanda kitu ndani yake. Nasubiri mvua ya Desemba, na nimekata kamtaro kadogo kutoka kwenye bega la barabara kuielekeza. Kama nimekosea sheria, njooni mnionyeshe, benchi lipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza miche, kando ya barabara kuu